Kondoo wa Kel, Msitu wa Coral

Lori lilikuwa limeshaagizwa. Kesho yake asubuhi lingepanda kilima cha Glenmoy, ligeuze mbele ya banda la kukatia sufu, dereva ashuke aulize kondoo wako wapi. Coral Pettifer alilijua hilo tangu alipokata simu. Sasa alikuwa amesimama kwenye lango la msitu, mgongo kauegemeza kwenye chuma, na mbele yake kondoo majike walikuwa wamejipanga kwenye seng'enge wakilia, wote wana mimba, na ukiwapapasa mgongoni unashika mfupa mtupu. Asikwambie mtu kwamba kondoo haombi. Kondoo mwenye njaa anaomba, na anamwomba yule yule aliyezoea kumlisha, anamkodolea macho mpaka mtu unaona haya kwamba wewe umekula.

Nyuma ya Coral, ndani ya uzio, nyasi zilifika gotini. Zilikuwa zimekauka, sawa, maana mwaka huo ulikuwa wa tatu bila mvua ya maana, lakini nyasi ni nyasi. Na katikati ya nyasi hizo ilisimama miche ya mikaratusi. Ndiyo, mikaratusi, ile ile inayolaaniwa kwingine kwa kukausha visima. Huku kwenye nchi ya kangaruu ndiko kwao, na kondoo huipenda ikiwa michanga kuliko hata nyasi.

Garth, mwanawe wa pekee, alikuwa amesema lake wakati wa kifungua kinywa. Alisema lango lifunguliwe kwa wiki mbili tu. Kondoo wale, wapate nguvu, wazae. Lisipofunguliwa wanakwenda machinjioni na watoto tumboni, kwa sababu katika ukame wa namna hii hakuna mnunuzi mwingine. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaacha yai lake sahanini, akatoka. Coral alimjibu jibu lake la siku zote, kwamba msitu ule si wake peke yake, una watu waliouchangia, na watu hao aliwapa ahadi. Garth alikuwa ameshafika nje, sijui kama alisikia.

Hebu niseme jinsi ahadi hiyo ilivyokuja, maana bila hiyo mtu atamwona Coral ana roho ya jiwe.

Kel alikuwa mume wa Coral, na baba yake huyo Kel alipewa ardhi ya Glenmoy kwa sharti la kuifyeka. Serikali ya wakati ule ilitaka hivyo, na yeye alikuwa mtiifu kupita kiasi. Alizunguka na shoka akachuna kila mti gome kiunoni, akauacha ufe umesimama. Alichobakiza ni kilima kimoja chenye mawe, na si kwa huruma, bali kwa sababu shoka lilikuwa linagonga miamba linapoteza makali. Kondoo wakawa wanakwenda kupumzika kivulini humo, na kila mche uliochomoza wakaumeza. Miaka themanini ikapita hivyo.

Kel naye alikuwa mtu wa kondoo hasa. Alichambua mbegu ya kundi lake maisha yake yote, sufu yake ikawa inasifiwa mnadani na watu wasiompenda. Lakini josho lilimharibu. Ile dawa ya kuogeshea kondoo, waliyokuwa wakiichota kwa mikono mitupu siku hizo, ilimwacha na mikono inayotetemeka hadi akashindwa kufunga vifungo vya shati. Ndipo alipotupa madawa yote, akaingia kwenye kilimo hai, na majirani wakacheka kwamba Pettifer sasa analima kwa sala. Akafa kabla hawajamaliza kucheka.

Baada ya mazishi upepo uliangusha mkaratusi mmoja mkubwa kule kilimani. Coral akaenda kuutazama, na akiwa kule akatafuta mtoto wa mti ule, hata mmoja, hakumpata. Akazunguka kilima kizima. Vikongwe watupu, kama nyumba ambayo haijazaliwa mtu tangu zamani. Akakaa juu ya gogo akalia, na kwa jinsi ninavyomjua nadhani hakulia mti peke yake.

Uzio ndio uliokuwa unahitajika, uzio wa kuwazuia kondoo na kangaruu pia, na pesa za uzio hakuwa nazo. Basi akafanya jambo ambalo huku kwetu halifanywi. Akaomba. Sisi huku mkulima haombi. Akiunguliwa nyumba anasema aa, paa lenyewe lilikuwa linavuja. Coral akaweka kopo juu ya meza yake ya kuuzia nyama sokoni, akaandika pembeni kwamba ni la msitu, akaanza kwenda miji ya pwani kuzungumza kwenye kumbi za makanisa na mikutano ya kina mama. Wenyeji wakambatiza jina la Coral wa Kopo. Akiingia dukani mtu anapapasa mifuko, anamuuliza leo unaombea nini, shangazi, unaombea vichuguu? Alicheka nao, akifika nyumbani ananuna.

Wa mijini hawakucheka. Walichanga. Wengine kidogo kidogo kila mwezi, wengine mara moja kwa jina la marehemu wao. Na ni kwenye ukumbi mmoja wa Newcastle, huko pwani, ndipo mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu aitwaye Stavros Kalafatis, alipoinua mkono akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria. "Na ikija njaa ya mifugo, Bi Coral, uzio utabaki uzio?" Coral akamjibu bila kupepesa macho kwamba hata kiangazi kije cha namna gani, kondoo hatatia mguu humo, na wakifa watazikwa nje ya uzio. Watu walipiga makofi. Ni rahisi kusema neno kama hilo wakati mvua inanyesha, na siku hiyo ilikuwa inanyesha.

Uzio ukajengwa. Mwaka uliofuata ukawa wa mvua, mikaratusi ile mizee ikachanua kama imechanganyikiwa, na mbegu zikaota. Hazikuwa nyingi. Lakini Coral alipoiona miche ya kwanza alipiga magoti kwenye tope, mwanamke mzima, na Garth aliyekuwa naye akamuuliza kama amepoteza hereni. Baada ya hapo mvua ikakatika, na mikaratusi haikuchanua tena. Ile miche ndiyo ilikuwa yote.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mchana ule wa Agosti pale langoni. Nyasi za malisho ziliisha tangu mwanzo wa baridi. Nyasi kavu za kilimo hai zilikuwa hazipatikani jimbo zima. Jirani mmoja aliwapa za kwake bure, zilizopigwa dawa, na hizo hata Garth alizikataa, kwa sababu aliwahi kumfunga baba yake vifungo vya shati na hakutaka kusikia dawa tena Glenmoy. Kwa hilo mama na mwana walikuwa kitu kimoja. Kilichowagawa ni lango.

Gari dogo la bluu likaja likipanda na vumbi lake. Alikuwa Stavros. Kila majira ya kuchipua huja na glovu zake kung'oa magugu, analala kwenye chumba cha wakata sufu, anakuletea biskuti za lozi alizooka mwenyewe na hakubali usizile. Safari hii alikuja kabla ya wakati, kwa sababu aliona habari za ukame kwenye televisheni. Akashuka, akawasikia kondoo kabla hajawaona. Akaja mpaka kwenye uzio akaweka mkono wenye glovu juu ya kichwa cha mmoja, na yule kondoo akaanza kumnyonya kidole cha glovu.

"Hawa wanakwenda wapi?" akauliza.

Coral akamweleza. Hakuficha kitu. Stavros akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaenda kwenye gari lake, akakaa mlango ukiwa wazi, akaanza kupiga simu. Coral alidhani mzee anampigia binti yake huko mjini. Alizungumza muda mrefu, anakata, anapiga tena, na Garth aliyekuwa anarekebisha bomba la maji akaacha kazi akamtazama.

Mzee aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyebeba zawadi.

"Fungua, Bi Coral. Nimeongea na kina mama wa Sydney, nimeongea na mwalimu mmoja anayechanga kila mwezi, nimeongea na kila ambaye namba yake ninayo. Wote wamesema fungua. Hatukutoa pesa ili wanyama wafe. Lile swali nililiuliza mimi, na leo nalifuta mimi."

Garth akaja haraka. Alipita mbele ya mama yake, akaweka mkono juu ya komeo la lango, na kondoo, ambao wanamjua mkono wake, wakasukumana mbele wote kwa mpigo hadi nguzo zikalia.

"Umesikia, Mama. Wenyewe wamesema."

Mtu mwingine angeshukuru. Coral alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu. Miezi yote hiyo, kila Garth alipomkabili, alikuwa na pa kujificha: si mimi mwanangu, ni wale watu, ni ahadi. Sasa wale watu walikuwa wamesimama kando, kwa huruma tu, na amebaki yeye, lango, na mkono wa mwanawe juu ya komeo. Na alipojitazama ndani alikuta bado hataki lifunguliwe. Hilo ndilo lililomtisha. Wiki mbili, na miche yote ingekuwa imeliwa siku ya kwanza. Vikongwe vile vingechanua tena lini, na viko vingapi vitakavyofika siku hiyo? Kondoo wangezaliwa wengine. Wasingekuwa hawa, lakini wangezaliwa.

"Ondoa mkono, Garth," akasema.

"Mama, wamekuruhusu."

"Nimesikia. Nimekuwa nikikwambia ni wao, na nilikuwa nakudanganya. Nilikuwa najidanganya na mimi. Hata wasingekuwepo nisingefungua. Ni mimi ninayewapeleka kondoo wa baba yako machinjioni. Usimlaumu mtu mwingine."

Garth alimtazama kama hamjui. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi na kwa hasira.

"Baba angekuwa hai usingethubutu."

"Baba yako angekuwa hai ningemwambia hivi hivi, na angeninunia mpaka Krismasi. Na lori lingekuja."

Stavros alisema polepole kwamba alidhani anamtua mzigo. Coral akamwambia anajua, mzee wangu, na asante, akamshika kiwiko. Lakini hakuondoka langoni, na macho hakuyaondoa kwenye ule mkono.

Garth akaachia komeo. Akaenda hatua kadhaa, akageuka. Alisema kwenye banda kuna chakula kilichobaki, kinaweza kuwavusha kondoo thelathini, si zaidi. Thelathini wabaki, wengine wapande lori. Kisha akasema lile ambalo nadhani alilitafuta ili limuume.

"Na lango la kuchagulia utalishika wewe. Mimi sitalishika."

Kwa wasiojua kazi yetu: mazizini kuna ujia mwembamba wa mbao, kondoo hupita humo mmoja mmoja mbio, na mwisho wa ujia kuna kilango kinachoyumba. Ukikisukuma huku kondoo anaingia kushoto, ukikivuta anaingia kulia. Anayekishika anapata muda wa pumzi moja kumwona kondoo na kumkatia shauri. Kel ndiye aliyekishika hadi mikono ilipomkatalia, kisha Garth. Coral miaka yote ile alikuwa nyuma na mbwa, akisukuma kundi na kula vumbi, kama wanawake wengi wa huku. Hakuwahi kukigusa hata siku moja.

"Sawa," akasema. "Nitalishika."

Asubuhi baridi ilikuwa imeganda juu ya mbao. Lori lilikuwa limeshafika, limerudi nyuma hadi kwenye ngazi ya kupakilia, na dereva, aliyezoea mambo haya, aliwasha sigara akakaa mbali. Stavros alipewa kazi ya kuhesabu wale wa kulia, yaani wa kubaki, akasimama upande huo na kofia yake imeshuka hadi kwenye nyusi. Garth alikuwa nyuma na mbwa. Hakumwamkia mama yake.

Wa kwanza akaja kwa kasi ambayo Coral hakuitegemea. Akasukuma kilango amechelewa, kondoo akakigonga kwa bega, akapita kulia. Wa pili akapita kulia pia kabla hajamwona vizuri. Wa tatu akampeleka kushoto, na papo hapo akajua amekosea, alikuwa mdogo, mpana, wa kubaki. Hakuna kurudisha. Nyuma ya huyo walikuwa wanakuja wengine, wanakuja tu, na kila mara mikono yake ilifika kondoo ameshapita. Alikuwa anachagua kama mtu anayepiga nzi. Alitaka kulia, akajikaza kisabuni, akasukuma, akavuta, akasukuma.

Kisha akasikia sauti kutoka nyuma, juu ya kelele za kwato.

"Anayekuja, mwenye sikio lililochanika. Kulia."

Akavuta. Kondoo wa sikio lililochanika akapita kulia.

"Huyu mrembo wa sufu tu, anamkataa mtoto wake. Kushoto. Anayefuata kulia. Mama yake hakuwahi kupoteza hata mmoja. Kulia, Mama, usilale."

Garth alikuwa amepanda juu ya ubao wa zizi, anawaona kabla hawajafika, na anawajua wote, uzao wao, tabia zao, nani huzaa mapacha na nani hukimbia mtoto wake. Alikuwa anawataja kwa sauti kavu, isiyo na huruma, na mama yake anafuata. Mkono wake ukapata mwendo. Walifanya kazi hivyo bila kutazamana, na vumbi likapanda hadi jua likaonekana la njano. Upande wa kushoto ulikuwa unajaa na kujaa. Upande wa kulia mzee Stavros alikuwa akihesabu kwa Kigiriki, kwa sauti ya chini, anapangusa pua kwa mgongo wa glovu.

Akafikia ishirini na tisa. Akainua mkono kuwaambia.

Na hapo ujiani akaja jike mmoja mzee, anatembea wakati wenzake wote walikimbia. Alikuwa Enid. Kel alimpa jina la mama mkwe wake kwa utani, ule mwezi wa mwisho wa maisha yake, alipomlea jikoni kando ya jiko, akimnywesha maziwa kwa chupa aliyoishika kwa mikono miwili ili isimwagike. Enid hakuwahi kujifunza kumwogopa mtu. Alifika kwenye kilango, akasimama, akainua kichwa, akamtazama Coral, akangoja.

Coral hakusukuma wala hakuvuta. Nyuma ya Enid kondoo walirundikana, mbwa akabweka mara moja akanyamaza. Nafasi ilikuwa moja. Nyuma kule kulikuwa na majike wadogo, wazima, wenye miaka ya kuzaa mbele yao, na Coral aliwaona. Mkono wake ulikataa. Dereva akasimama kutazama kumetokea nini.

Akasikia buti za Garth zikishuka kwenye ubao, zikija kando ya ujia. Garth akasimama karibu naye, kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaingiza mkono kati ya mbao, akamfungua Enid mdomo kwa kidole gumba kama baba yake alivyomfundisha, akatazama, akaufunga taratibu.

"Hana meno tena," akasema. "Kushoto, Mama."

Coral akasukuma.

Garth akaruka ubao, akaenda kumpokea upande ule wa pili. Hakumsukuma. Alitangulia mbele yake kupanda ngazi ya lori, mkono mmoja kauachia nyuma, na Enid akamfuata, pua yake ikigusa kiganja, kama alivyozoea kumfuata mtu mwenye chupa. Coral aliwaona wakiingia. Nyuma yake kondoo walikuwa wanasubiri, na Stavros alikuwa hajamaliza kuhesabu.

"Lete anayefuata," Coral akasema, ingawa huko nyuma hapakuwa na mtu wa kumleta.